Twende Kilioni

Mchana wa jana Subilaga Mwasomola aliota kwamba nyumba yake imepata changamoto ya upumuaji.

Alikuwa amelala kwenye kochi, mvua ya Tukuyu ikipiga bati, na ndotoni pia alikuwa amelala kwenye kochi lile lile, mvua ile ile ikipiga bati. Tofauti ilikuwa ukutani. Ukuta ulijivuta ndani, ukatulia kidogo, kisha ukarudi nje kwa mkoromo. Mapazia yakaufuata. Kalenda ikanyanyuka na kushuka kwenye msumari wake, kama kifua cha mgonjwa.

Huyu Subilaga alikuwa msusi, na Tukuyu nzima ilimjua. Saluni yake ilikuwa jirani na stendi, na hapakuwa na bibi harusi wala mfiwa aliyepita mjini bila kukaa kati ya magoti yake. Halafu ukaja ule mwaka wa ugonjwa. Mama yake, Bi Tupokigwe, alipelekwa hospitali jioni moja akikohoa, na siku chache baadaye akarudi ndani ya jeneza lililokwisha kufungwa. Kwa Wanyakyusa msiba ni watu. Watu hushuka kutoka milimani na mikungu ya ndizi, wakalala, wakala, wakalia, hata mwenye nyumba akasahau chumba chake ni kipi. Msiba wa Bi Tupokigwe ulipata watu wachache waliofunga vitambaa midomoni, wakasimama mbalimbali mvuani, wakasikia sala fupi, wakaondoka. Hakuna aliyemshika Subilaga mkono.

Siku hiyo akafunga mlango. Ugonjwa ulipita, watoto wakarudi shule, barakoa zikawa matambara ya kufutia baiskeli, yeye hakufungua. Akaanza kushona mawigi juu ya vichwa vya plastiki. Mdogo wake, Tumpe, aliyachukua dirishani kwenda kuyauza, na dirishani hapo hapo akampitishia chakula. Mwanzoni majirani walibisha hodi. Baadaye wakazoea. "Yuko ndani," walisema, kwa sauti ambayo mtu humtajia mgonjwa.

Jana asubuhi Tumpe alikuja mapema kuliko kawaida.

"Dada, Jumamosi tunahamia Makambako," alisema. "Mume wangu amehamishwa kazi."

Subilaga alipokea hotpoti, akaiweka chini.

"Nitamwomba Mama Ipyana awe anakuletea chakula. Lakini mimi na wewe tuagane vizuri, dada. Siyo hapa dirishani kama wafungwa."

Subilaga aliinama kuisogeza hotpoti.

"Jioni nitapita kuchukua mawigi," Tumpe alisema, na akaenda zake. Mchana Subilaga akajilaza kwenye kochi, na nyumba ikaanza kukoroma.

"Nyumba inaumwa," anasema Subilaga.

"Haiumwi," kinajibu kichwa cha kwanza. Viko vitatu mezani, vyeupe, havina macho. "Hewa imekwisha. Unaivuta, unairudisha, unaivuta tena ile ile. Imechakaa."

"Basi na nyinyi mmeitumia."

"Sisi hatuvuti," kinasema kichwa cha pili, bila kinyongo. "Ndiyo maana ulituchagua."

Kichwa cha tatu hakisemi kitu kwa sababu bado hakijamalizwa kushonewa. Ukuta unajivuta tena, safari hii unakuja mpaka kwenye mkono wa kochi. Subilaga anainuka, anavaa kandambili, anakwenda mlangoni. Haoni ajabu yoyote. Hewa ikiisha mtu hufungua mlango.

Mlangoni ipo ndoo ya maji tiririka, ile ya bluu yenye koki, ambayo hakuwahi kuiondoa.

"Nawa," inasema ndoo.

Ananawa. Ndoo inahesabu kwa sauti ya mwalimu wa darasa la kwanza. Moja, mbili, tatu, inakwenda vizuri mpaka kumi na tisa. Kisha inasema kumi na tisa. Kisha inasema kumi na tisa.

"Ishirini je?" anauliza Subilaga.

"Ishirini sijawahi kuiona. Watu wote huondoka kabla."

Anaendelea kusugua mpaka mistari ya viganja vyake inabanduka na kuelea kwenye beseni kama nyuzi nyeusi. Anaiokota mmoja mmoja, anaibandika tena kwa kukisia. Ndoo inatazama pembeni, kwa adabu. Yeye anavuta komeo.

Nje kuna watu.

Wamesimama kwenye mstari mmoja kutoka mlangoni kwake, kupita uani, kupita geti la mianzi, hadi ukungu unapowameza. Kila mmoja amesimama ndani ya duara la chokaa, mbali na mwenzake, bila mwavuli. Wamebeba vitu vya msibani: kuni, unga, blanketi, mikungu ya ndizi. Ni wazi kwamba wamesubiri sana, maana mikungu imechipua mikononi mwao, na baadhi ya mizizi imeshagusa ardhi. Mtoto aliyekuja mgongoni mwa mama yake amekulia hapo hapo mgongoni. Miguu yake inafika chini na ndevu zimeanza kumtoka, lakini mbeleko haijafunguliwa.

Wa kwanza kwenye mstari ni Mama Ipyana, jirani wa nyumba ya tatu.

"Shikamoo, mama," anasema Subilaga.

"Marahaba, mwanangu. Pole na msiba."

Sauti inatoka mfukoni mwa koti lake. Chini ya pua ya Mama Ipyana ngozi ni laini moja kwa moja hadi kidevuni, kama goti.

"Mdomo wako uko wapi, mama?"

"Nimeuhifadhi. Tuliambiwa tusiuguse."

Subilaga anaona ni jibu la haki. "Mama Ipyana, msiba ulikwisha zamani. Tulizika."

"Mlizika wapi na watu hatujalia? Tuliambiwa tusimame kwenye duara mpaka tuitwe. Hujatuita."

"Lakini jana tu nilikusikia ukifukuza kuku kwako."

"Aliyekuwa anafukuza kuku ni mimi wa kila siku," inasema sauti ya mfukoni. "Kilio changu kiko hapa. Kimesimama."

Nyuma yake mstari mzima unakohoa kidogo, kikohozi cha watu wanaokubaliana na msemaji. Kwa mara ya kwanza tangu mwaka ule Subilaga anaunyoosha mkono wake kumpa mtu. Mkono haufiki. Kati yake na Mama Ipyana amesimama mtu mwembamba mno aliyevaa koti la mvua la njano.

"Samahani," anasema yule mtu. "Hapa ni pangu."

"Wewe ni nani?"

"Mita Moja." Anainamisha kichwa kusalimu. "Tunaishi wote siku nyingi, dada Subilaga. Ukilala mimi niko kati yako na ukuta. Mdogo wako akileta chakula, napokea mimi kwanza, halafu ndiyo wewe."

Subilaga anamtazama kutoka miguuni hadi juu. Kichwa cha yule mtu kinagusa mwisho wa bati.

"Mbona umepita mita?"

"Nilipokuja nilikuwa mita kamili," anasema Mita Moja, na inaonekana jambo hilo linamsumbua. "Nimekua. Kwako ninakula peke yangu."

"Nani alikuleta?"

"Niliwekwa. Wa kuniondoa hakutajwa."

"Mwache huyo," inasema sauti kutoka koti la Mama Ipyana. "Nenda mwisho wa mstari ukamwone mama yako. Sisi hatuwezi kuingia mpaka yeye awe tayari, na yeye hajawa tayari kwa sababu yako."

Subilaga anaanza kutembea kando ya mstari. Mita Moja anatembea naye, ubavuni, akihakikisha bega lake halimgusi mtu. Wanapita uani, wanapita getini, na ng'ambo ya geti wako katikati ya mashamba ya chai. Chai imekatwa sawasawa kama meza, watu wamesimama katikati ya matuta, maji yanawatiririka mashavuni na haijulikani kama ni mvua. "Pole," wanasema wanapopitwa, wengine kwa Kinyakyusa. "Pole. Ndaga. Pole." Kila neno linatoka mahali pake: mfukoni, ndani ya kikapu, chini ya kofia.

Chai inakwisha na inaanza korido ya hospitali. Mstari unaendelea kwenye vigae. Mlango mmoja una kioo kidogo, na nyuma ya kioo kuna kitanda kilichotandikwa vizuri, kitupu. Subilaga anataka kusimama. Alikuwa amesimama hapo hapo mwaka ule, akaambiwa arudi nyumbani.

"Hapa huwezi kusimama," anasema Mita Moja, taratibu. "Hata wakati ule hukuweza. Nilikuwepo."

Korido inapinda mara moja na Subilaga yuko saluni kwake, karibu na stendi. Kigoda kipo, chanuo lipo, kopo la mafuta ya nazi lipo wazi. Mtu wa mwisho kwenye mstari amekaa sakafuni, kwenye mkeka, mgongo umeelekea kigoda, tayari kwa kusukwa. Nusu ya kichwa chake imesukwa mistari ya kwenda nyuma. Nusu nyingine ni nywele wazi, zimesimama, zina mvi.

Subilaga anakaa kwenye kigoda.

"Umechelewa," anasema Bi Tupokigwe bila kugeuka. Mdomo wake uko mahali pake. Ni wa kwanza leo.

"Mama."

"Ulisema tutamalizia kesho. Ukaweka chanuo. Sikukulaumu, nilikuwa nakohoa, kichwa changu hakikutulia. Lakini upande huu unaingia baridi, mwanangu. Huko niliko kuna upepo."

Na ndivyo ilivyokuwa kweli, si ndotoni tu. Jioni ile kabla ya gari la hospitali, Subilaga alikuwa akimsuka mama yake, na aliishia katikati. Hakuwahi kumwambia mtu, hata Tumpe. Kila wigi alilolishona tangu siku ile alianza kulishona upande wa kulia, upande ambao mama alibaki hajasukwa.

"Nikusuke nini?" anauliza.

"Ile ile tuliyoanza. Twende kilioni. Watu wanasubiri, hatuna muda wa madoido."

Ndiyo mtindo wa haraka kuliko yote, mistari michache minene inayokimbilia kisogoni, mtindo wa mwanamke aliyepigiwa simu ya msiba na gari linamngoja nje. Subilaga amewasuka mamia. Ananyoosha mikono. Mita Moja anakaa chini, katikati ya binti na mama, miguu imekunjwa vizuri, na mikono ya Subilaga inaishia kwenye koti la njano.

"Samahani," anasema Mita Moja.

"Ni mama yangu."

"Najua. Kwa mama ndiko nilikosisitizwa zaidi."

Subilaga anarudisha mikono mapajani. Anaona aibu kwa sababu, kwa kweli, amepata nafuu. "Nisikuguse, mama," anasema. "Nitakuambukiza."

"Mimi nimeshakufa, Subilaga. Utaniambukiza nini?"

"Basi wewe utaniambukiza mimi."

Bi Tupokigwe anafikiri. Hana haraka ya kumfariji mtu, hakuwahi kuwa nayo hata alipokuwa hai.

"Nilishakuambukiza," anasema. "Tangu siku niliyokuzaa. Unakohoa kama mimi. Unanuna kama mimi. Vidole hivyo unavyoviogopa ni vya kwangu, nami nilivipata kwa mama yangu. Na utakufa, kama mimi. Hilo nalo nilikupa. Sasa shika chanuo, au niache nirudi kwenye upepo."

Subilaga anamtazama Mita Moja kwa karibu, na anagundua kitu ambacho hakukiona mlangoni. Kiunoni, chini ya koti, yule mtu ana bawaba. Magotini ana bawaba. Kwenye viwiko, shingoni, kila mahali, bawaba ndogo za shaba ambazo zimeanza kushika kutu.

"Unakunjika," anasema Subilaga.

"Nilitengenezwa nikunjike," anajibu Mita Moja. Sauti yake ni ndogo. "Hakuna aliyejaribu."

"Itakuuma?"

"Kunyooka ndiko kunauma, dada."

Subilaga anaanza na shingo. Anamkunja shingo, viwiko, kiuno, magoti. Bawaba zinalia kama mlango wa jiko la shule. Kila anapokunja, yule mtu anapungua, na kila anapopungua anashusha pumzi. Mwishoni amebaki wa ukubwa wa sanduku la kiberiti, la njano, lenye joto. Subilaga anamweka sakafuni kando ya kopo la mafuta, asikanyagwe.

Halafu anaweka viganja vyake juu ya kichwa cha mama yake.

Kina joto. Hilo hakulitegemea. Anakaa hivyo, mikono imetulia, na mama yake anaegemeza mgongo kwenye magoti yake kwa uzito wote, kama wateja wanavyofanya wakianza kusinzia. Subilaga analia. Analia bila sauti, machozi yanaangukia kwenye nywele, na kwa kuwa ni msusi anayatumia: yanalainisha, anachana, anagawa njia.

Anafunga mstari wa kwanza. Mbali sana, nje ya saluni, mlango wake mwenyewe unagonga ukuta na sauti ya Mama Ipyana inapasuka kwa kilio, sasa ikitoka kinywani. Anafunga mstari wa pili. Wengine wanaingia. Anasikia kuni zikitupwa chini, mtu akiuliza sufuria kubwa liko wapi, mtu akijibiwa kwamba hakuna sufuria kubwa katika nyumba hii, atume mtoto kwa Mama Ipyana akaazime. Anasikia mbeleko ikifunguliwa na mwanamume mzima akilalamika miguu imekufa ganzi. Kilio kinaongezeka kila mstari, hadi kinakuwa kile cha zamani, kile kinachosikika ng'ambo ya bonde na watu wakaacha majembe. Na chini ya kilio anaisikia nyumba ikivuta pumzi ndefu, safi, bila mkoromo.

"Wamekuja wengi," anasema Bi Tupokigwe.

"Wengi sana, mama."

"Nilijua watakuja. Nilipika kwenye misiba yao."

Mstari wa mwisho Subilaga anausuka polepole. Anaufikisha kisogoni, anaufunga, anabana ncha kati ya vidole viwili na hataki kuachia.

"Achia," anasema mama yake.

"Ukiondoka je?"

"Nitaondoka. Mimi ndiye wa mwisho. Wageni wakishaingia, mwenye safari naye anakwenda kulala." Anapapasa kichwa chake, upande wa zamani na upande mpya, anapima kwa vidole. "Huu wa katikati umeupinda."

"Nilikuwa nalia."

"Si kitu. Kwenye giza nani atauona." Anajiinua, mkono mmoja ukishika goti la binti yake kama alivyozoea. "Mdogo wako asije akaondoka na kichwa kile alichonacho. Nimemwona asubuhi. Nimeona aibu."

Anatoka mlangoni mwa saluni, na mlango wa saluni unatokea uani kwa Subilaga, getini, ambako kumebaki duara moja la chokaa. Bi Tupokigwe anasimama ndani yake. Anatazama nyumba iliyojaa watu, anasikiliza anavyoliliwa, na uso wake ni wa mtu aliyeonja chakula akakuta chumvi inatosha. Kisha anatoka kwenye duara, anazunguka nyuma ya nyumba, kwenye migomba, kaburini kwake, mahali ambapo Subilaga hajawahi kufika tangu siku ya kuzika.

"Dada," mtu anaita. "Dada Subi."

Subilaga akafumbua macho. Ukuta ulikuwa umetulia. Vichwa vitatu vilikuwa mezani, vimenyamaza. Ilikuwa jioni, bado kuna mwanga, na Tumpe alikuwa dirishani na mwavuli wake wenye ufito uliovunjika. Nywele zake alikuwa amezibana nyuma kwa mpira wa bahasha. Ilikuwa kweli, zilitia aibu.

"Nimeita mpaka nimechoka," Tumpe alisema. "Ulikuwa unalia usingizini. Unaumwa?"

"Hapana."

"Nipe mawigi basi, mvua haijakatika."

Subilaga hakuleta mawigi. Alikwenda mlangoni, akavuta komeo. Lilikuwa limeshika kutu, akalipiga kwa kisigino cha kiganja. Nje Tumpe alisikia, na ule mwavuli ukamponyoka mkononi. Aliogopa, baadaye alisimulia, kwamba akisema lolote dada yake ataacha.

Ili asisimame akitazama mlango, aligeuka akatazama uani, na hapo ndipo alipoona.

"Dada," aliita, sauti ikiwa ya chini. "Leo umepata wageni?"

"Kwa nini?"

"Mvua imenyesha tangu asubuhi. Uwanja wote umelowa, hata chini ya mchongoma. Lakini kuna mahali pakavu." Alihesabu kwa kidole. "Mahali pamoja hapa mlangoni. Mahali pengine hapo mbele. Tena pengine. Ni viduara, vimefuatana mpaka getini."

Komeo likaachia.

"Hivi vya hapa karibu vimeshaanza kulowa," Tumpe aliendelea, kwa kuwa sasa hakuweza kunyamaza. "Vya katikati kidogo tu. Kile cha getini ni kikavu kabisa, dada. Kama aliyekuwa amesimama pale ameondoka sasa hivi."

Subilaga alifungua mlango. Alitoka peku, akapita karibu sana na mdogo wake, akavuka uwanja, matope yakipanda kati ya vidole, akafika getini na kusimama kwenye ile ardhi kavu kwa miguu yote miwili. Ilikuwa na joto.

Alisimama pale mpaka mvua ikaulowesha udongo na pakawa sawa na pengine pote. Kisha akageuka na kunyoosha mkono, na Tumpe akauacha mwavuli hapo ulipoangukia, akaja.